Twende kwa Mwendo wa Ndama

SOMO LA JUMA

Andiko la msingi: Mwanzo 33:12–17
Ya kusoma nyumbani: Hesabu 20:14–21, Kumbukumbu la Torati 25:17–19, Isaya 40:11, Yakobo 1:19–20
Wazo kuu: Barabarani, kama katika familia ya Mungu, aliye na nguvu humngojea asiye nazo.



Jumapili iliyopita, kabla sijafungua Biblia, niliwauliza washirika swali moja. Ni nani hapa amekasirika barabarani kati ya kutoka nyumbani na kufika kanisani asubuhi ya leo? Ikainuka mikono mitatu. Nikasema, "Wapendwa, tuko nyumbani mwa Bwana, semeni ukweli." Mikono ikawa karibu nusu ya kanisa, wengine wakicheka huku wameinua. Na mimi nikainua wangu.

Sisi wa Matasia tunaijua barabara yetu. Ukitoka Ngong kuelekea Kiserian, asubuhi moja tu unaweza kukutana na kundi la ng'ombe wanaovushwa, mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji, lori la mchanga linalopanda kwa gia ya kwanza, na mbuzi waliojiamulia kulala kwenye lami kwa sababu ina joto. Nyuma yao kuna matatu inayotafuta tripu, bodaboda mbili, na gari dogo la mtu aliyechelewa kazini. Wote wako kwenye lami moja. Anayekwenda polepole hajui kwa nini anapigiwa honi, na anayepiga honi hajui kwa nini asipishwe.

Wenzetu wa Kitengela na Kajiado mjini wana hadithi zao za barabara ya Namanga. Magari ni mengine, lakini hasira ni ile ile.

Somo hili limetoka kwenye dhambi yangu mwenyewe, kwa hiyo wacha nianze hapo.

USHUHUDA WA AIBU

Ilikuwa Oktoba 2022. Mnakumbuka ukame ule. Mvua zilikuwa zimekosa kunyesha msimu baada ya msimu tangu 2020, na katika nchi yetu mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Hapa Kajiado tuliona mizoga kando ya barabara. Wafugaji walikuwa wanatembeza ng'ombe popote paliposikika kuna nyasi, hata kando ya barabara za Nairobi.

Siku hiyo nilikuwa naenda kuongoza mazishi upande wa Kiserian. Nilikuwa nimechelewa, na kosa lilikuwa langu. Karibu na hapa Matasia nikakuta kundi la ng'ombe kama 40, wamekonda mpaka mbavu unazihesabu. Mchungaji wao alikuwa kijana mdogo, pengine wa miaka 12, na fimbo yake. Nyuma yangu magari yalikuwa yameanza kujipanga, na matatu moja ilikuwa imeshika honi bila kuachilia.

Wapendwa, sikungoja. Nilipiga honi, nikasogea, nikapiga tena, mpaka bampa langu likawa karibu kugusa ng'ombe wa mwisho. Alikuwa ng'ombe mwenye mimba, tumbo limeshuka, hawezi kukimbia. Akashtuka, akaruka pembeni, akateleza akaanguka mtaroni. Yule kijana akamkimbilia. Nafasi ikapatikana, nami nikapita.

Sikusimama. Kwenye kioo nilimwona kijana amepiga magoti mtaroni akimshika ng'ombe pembe. Nilifika mazishini nimechelewa dakika chache, na ibada haikuwa imeanza, kwa sababu sote tunajua mazishi yetu huanza saa ngapi. Nikasimama mbele ya watu kuhubiri kuhusu upendo wa Mungu. Jioni nilipofika nyumbani nikayaona maandishi niliyobandika nyuma ya gari: MUNGU NI MWEMA. Ndicho kitu cha mwisho alichosoma yule kijana kutoka kwangu, kama alipata nafasi ya kusoma.

Nilirudi pale mara tatu juma lile. Sikumpata. Mpaka leo sijui kama yule ng'ombe aliinuka.

Nilipoendelea kuisoma Biblia nikitafuta Neno la kunihukumu na kuniponya, Bwana akanipeleka kwa Yakobo.

TUMWANGALIE YAKOBO

Katika Mwanzo 33 Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka 20 kwa Labani. Ana wake, watoto, watumishi, kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia na punda. Huo ni msafara mrefu kweli kweli. Esau ndugu yake anakuja kumpokea na watu 400. Walikuwa wameachana kwa uadui, lakini Esau anamkimbilia na kumkumbatia, na wote wawili wanalia.

Kisha Esau anatoa pendekezo la upendo: twende pamoja, mimi nitatangulia mbele yako. Hakuna ubaya hapo. Ila Yakobo anajua jambo ambalo Esau halijui. Katika mstari wa 13 anamweleza kwamba watoto ni wachanga, na kwamba kuna wanyama wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo anamwomba Esau atangulie, yeye atafuata taratibu, kwa mwendo wa wanyama na kwa mwendo wa watoto.

Siku moja tu, mpendwa! Mfugaji yeyote wa Kajiado anaelewa mstari huo bila mhubiri. Unaweza kumlisha ng'ombe mwaka mzima, na siku moja ya kumkimbiza ikakupotezea yeye na ndama aliye tumboni.

Angalia na jambo hili. Ukisoma mwisho wa sura ya 32, utaona kwamba asubuhi ile Yakobo mwenyewe alikuwa anachechemea. Usiku alikuwa ameshindana mpaka alfajiri na nyonga yake ikateguka. Mtu aliyeguswa na Mungu nyongani hana shida kutembea na ndama. Pengine wengine wetu tunakimbia hivi kwa sababu bado hatujashikwa na Mungu mahali panapouma.

Katika sura hii, na katika safari nyingine za Biblia, tunajifunza mambo matano.

1. MSAFARA HUENDA KWA MWENDO WA MDOGO WAKE

Yakobo hakuuliza ngamia wanaweza kwenda kasi gani. Aliuliza ndama wanaweza nini. Watu wa nchi hii walilijua jambo hilo zamani, kabla ya lami. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alipita upande huu na msafara wake kutoka pwani. Walipiga kambi Ngongo Bagas, karibu na chimbuko la mto Mbagathi, mahali ambapo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilizoea kutua na kununua chakula kabla ya kuendelea kuelekea Naivasha. Msafara wa namna hiyo ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi mwenye mzigo kichwani. Kiongozi akimwacha mpagazi nyuma, amejiachia chakula chake nyuma.

Na wazee wa Kimaasai wanajua upande wa pili, yaani kuharakishwa. Mkataba wa 1911 wa serikali ya kikoloni uliwatoa watu wao Laikipia na kuwahamishia kusini pamoja na mifugo yao, na mifugo mingi ilipotea katika kuhama huko.

Kuna jambo jingine tusilopenda kulisema. Kwa nini ng'ombe wako barabarani? Zamani walikuwa na njia zao katikati ya mbuga. Sasa mbuga imekatwa ploti, hamsini kwa mia, na sisi tumezungushia nyaya na mageti. Mimi nina yangu na nimezungushia. Tumeziba njia ya ng'ombe kwa ua wetu, halafu tunamuuliza mchungaji anatafuta nini kwenye lami. Ploti yako ni halali, una hati, sikulaumu. Lakini ukimkuta ng'ombe barabarani, jua ya kwamba huenda alikuwa akipita pale ulipojenga jikoni.

2. ALIYE MBELE ANAONA USICHOKIONA

Esau aliona kundi. Yakobo aliona wanaonyonyesha ndani ya kundi. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha hasira nyingi barabarani.

Gari la kwanza nyuma ya ng'ombe linamwona ndama. Gari la pili linaona ng'ombe. Gari la kumi linaona taa za breki tu, na dereva wake anasema, "Huyu wa mbele amelala?" Yule wa kumi anamhukumu wa kwanza kwa jambo asiloliona. Ndiyo maana Yakobo 1:19 inatuhimiza kuwa wepesi wa kusikia na wazito wa hasira. Ukiwa gari la kumi, kubali kwamba wa mbele ana macho. Ukingoja dakika mbili utakiona mwenyewe alichokiona.

Na wewe uliye gari la kwanza, mtihani wako ni mgumu zaidi. Wewe unamwona ndama, lakini honi za nyuma zinakusukuma. Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Matatu ile ya nyuma haikumgusa yule ng'ombe. Ni mimi niliyemsukuma, kwa kuogopa kelele za watu ambao hata siwajui. Mpendwa, honi si amri kutoka mbinguni. Huwezi kumjibu Mungu kwamba ulimwangusha ng'ombe wa mtu kwa sababu dere fulani alikuwa na haraka. Washa taa za dharura, tulia, wacha wapige. Wewe ndiye unayeona.

3. ANAYENGOJA NI YULE MWENYE NGUVU

Esau alikuwa na watu 400. Angeweza kusema, "Mimi ndiye wa mapigano hapa, tutaenda kwa mwendo wangu." Alikubali. Hata alipotaka kumwachia Yakobo baadhi ya watu wake, akakataliwa kwa upole, hakukasirika. Siku ile ile akashika njia yake kurudi Seiri. Huyu ni Esau, ambaye sisi wahubiri tumezoea kumsema vibaya kwa sababu ya sahani ya dengu! Siku hiyo alikuwa mtu mzima kuliko wengi wetu.

Sasa mlinganishe na Amaleki. Kumbukumbu la Torati 25 inatukumbusha kwamba Waisraeli walipotoka Misri, Amaleki aliwavamia kwa nyuma, akawapiga wale waliochoka na kudhoofika mkiani mwa msafara. Mungu aliagiza jambo hilo lisisahaulike. Hebu fikiria. Katika vita vyote vilivyotokea jangwani, Mungu aliweka kumbukumbu ya pekee juu ya namna watu wanyonge wa nyuma walivyotendewa njiani.

Barabarani mwenye nguvu ni mwenye bampa. Kila mwaka barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Kijana mwenye fimbo anayetembea nyuma ya ng'ombe ni mtembea kwa miguu. Kijana wa mkokoteni ni hivyo hivyo. Piga hesabu: mkokoteni wenye mitungi 20 ya lita 20 umebeba kilo 400 za maji. Ukimpigia punda honi, kilo hazipungui. Na pengine hayo maji yanapelekwa kwa mama mkwe wako.

Isaya 40:11 inamwonyesha Bwana mwenyewe kama mchungaji, anayebeba wana-kondoo kifuani na kuwaongoza polepole wale wanaonyonyesha. Bwana tunayemwabudu ana nguvu zote, na huo ndio mwendo aliouchagua. Amina?

4. ANAYEKWENDA POLEPOLE NAYE ANA WAJIBU

Hapa madereva walipiga makofi Jumapili, kwa hiyo wasikilize vizuri pia wale wa upande mwingine.

Yakobo hakumzuia Esau. Alimwambia atangulie. Hakusema, "Kwa kuwa mimi ni mnyonge, wewe kaa nyuma yangu mpaka Seiri."

Na katika Hesabu 20, Musa anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba ruhusa ya kupita. Ombi lenyewe ni la adabu. Watashika njia kuu ya mfalme, hawatakanyaga mashamba wala mizabibu, na ikiwa wao au mifugo yao watakunywa maji, watalipa. Huo ndio msafara mkubwa kuliko wote katika Biblia, na unaomba nafasi kwa heshima, unaahidi kukaa upande wake, unaahidi kulipia hasara. Edomu ikakataa na kutoka na jeshi. Na Edomu ni akina nani? Ni wajukuu wa Esau. Babu alimpisha msafara, wajukuu wakafunga barabara. Upole haurithiwi kama ploti, mpendwa. Kila kizazi lazima kifundishwe upya, na watoto wetu wanajifunza wakiwa kiti cha nyuma, wakisikiliza tunachomwita dereva wa mbele.

Wajibu huu unatuhusu na sisi kama kanisa. Mkumbuke tulipotangaza mkutano wa injili, tukakodi gari la vipaza sauti na magari kumi nyuma yake, tukaenda kilomita 10 kwa saa tukiimba, leni nzima yetu. Tulikuwa tunafurahi katika Bwana. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nani anajua kama hakukuwa na mtu anayempeleka mgonjwa hospitalini? Tulikuwa tunamwalika mkutanoni huku tumemzibia njia. Misafara yetu ya harusi na ya mazishi hufanya hivyo hivyo. Tukiwa polepole, tuache nafasi kati ya gari na gari ili wengine wapite, na kila tukipata mahali pa kujitoa pembeni, tujitoe.

5. HARAKA NYINGI HUZALIWA NA UONGO MDOGO

Yakobo tumemsifu, lakini Biblia haimfichi. Mstari wa 14 anamwambia Esau kwamba atamfuata mpaka Seiri. Mstari wa 17 anaelekea Sukothi, anajenga nyumba na vibanda vya mifugo. Seiri hatumwoni akifika. Mwendo wake ulikuwa sawa, lakini neno lake halikuwa sawa.

Sisi tuna ugonjwa huo, na simu imeuongeza. "Uko wapi?" "Nimefika Kiserian, dakika mbili." Na wewe bado uko Ngong unatafuta ufunguo wa gari! Ukishasema hivyo, lazima ukimbize uongo wako mpaka ufikie ukweli. Hapo ng'ombe wakitokea, wanakuwa adui. Hawajakukosea lolote, wamekukuta tu umedanganya.

Ile siku ya mazishi, dakika kumi kabla nikutane na lile kundi, nilikuwa nimemwambia mzee wa familia kwenye simu, "Niko karibu kuingia getini." Dhambi yangu haikuanzia kwenye honi. Ilianzia hapo.

Tunasema haraka haraka haina baraka, lakini hatuendeshi hivyo. Sema ukweli: "Mzee, niko Ngong, nitachelewa, nisamehe." Utaendesha gari moyo umetulia.

HESABU KIDOGO YA WANAOHARAKISHA

Wengine hawashawishiki kwa Maandiko mpaka waone hesabu. Sawa.

Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika 7 na nusu. Kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Umeokoa dakika 4 na nusu, na hiyo ni kama hakuna matuta, steji wala jam, na sisi tunavyo vyote. Kundi la ng'ombe likitembea kilomita 3 kwa saa, mita 200 za kulifuata ni dakika 4.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Kwa mwendo wa 80, gari hukimbia mita 22 kila sekunde. Kabla mguu wako haujafika kwenye breki, umeshapita mita hizo. Kwa mwendo wa 50 ni mita 14. Ndama anahitaji hizo mita nane. Mtoto pia. Sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye vituo vya biashara, na matatu haziruhusiwi kupita 80 popote. Sheria hiyo haikutungwa na pasta.

Ninajua dereva wa matatu ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari jioni, na tripu moja iliyopotea ni unga wa nyumbani. Sidharau hilo. Ndugu mmoja wa matatu hapa kanisani aliniambia, "Pasta, wewe unangojea ng'ombe na mshahara wako uko pale pale." Ni kweli. Kwa hiyo somo hili ni la abiria pia. Usimpigie dereva kelele "twende, twende" halafu likitokea ajali useme ni yeye. Na ninyi wenye magari mlio washirika, siku dere wako akisema alizuiwa na msafara, mwamini, umpunguzie hesabu.

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Ukiona ng'ombe mbele, punguza mwendo mapema na uwashe taa za dharura ili wa nyuma wajue. Usipige honi karibu na wanyama. Wakishtuka hukimbilia upande usioutarajia. Subiri mchungaji akupe ishara, kwa sababu yeye anajua ni yupi mkorofi. Usiovateki kwenye kona kwa hasira. Huenda kichwa cha kundi kiko upande wa pili. Giza likianza kuingia, endesha ukijua kwamba mkokoteni hauna taa.

Ukipita, teremsha kioo umsalimie. "Supa!" Neno moja. Atakujibu, "Ipa!" Mmeshakuwa majirani.

Na wewe mchungaji wa mifugo, au mzazi wa mchungaji: usimtume mtoto peke yake na kundi kubwa kwenye lami. Mmoja awe mbele na mwingine nyuma. Vaeni nguo inayoonekana, vusheni kundi mahali panapoonekana kutoka mbali, na msivushe usiku. Wenye mikokoteni, bandikeni vioo vya kuakisi nyuma. Kama kuna familia haiwezi kununua, njoo uniambie. Hilo ni la mimi kulipia, na mnajua sababu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika nyumba yako, ni nani ndama, yule ambaye mwendo wake unapaswa kuwa mwendo wa wote? Je, mnamngojea au mnamsukuma?
2. Ni lini mara ya mwisho honi za watu wa nyuma zilikufanya utende jambo uliloliona ni baya?
3. Esau alipisha, Edomu ikakataa. Watoto wako wanajifunza nini wakikusikiliza ukiwa kwenye usukani, au kwenye kiti cha abiria?
4. Ploti na nyaya zetu zimeziba njia za nani? Tunaweza kuzungumza nini na majirani wafugaji?

MAOMBI

Bwana Yesu, Mchungaji mwema, wewe hukutuharakisha tulipokuwa wachanga. Ulitungojea tukianguka na kuinuka. Tusamehe hasira zetu za barabarani, na maneno tuliyowatupia watu tusiowajua. Walinde watoto wanaotembea nyuma ya mifugo, madereva wanaotafuta riziki, na abiria wote wa njia ya Ngong na Kiserian, ya Kitengela na ya Namanga. Na yule kijana wa siku ile, Bwana, wewe unamjua jina. Mrudishie alichopoteza kwa ajili yangu, na unipe nafasi ya kumwomba msamaha kabla sijafika mwisho wa safari yangu. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili ijayo, tokeni nyumbani mapema kidogo. Mtakutana nao njiani.